Neno "mkono": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wanafunzi, wazazi na watumishi waliohamia Dodoma. Mji huu una wenyeji wake Wagogo, una Warangi wa Kondoa na Wasandawe wa upande wa Chemba, una Wanyaturu waliotoka Singida, na tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 una watu wa kila mkoa. Wote wanazungumza Kiswahili, na wote wana mikono miwili, lakini ukiwaweka meza moja utasikia "mkono" ukitumika kwa namna ambazo baadhi yao hawajawahi kuzisikia. Neno hili nalipenda na ninalifundisha. Ninavyoliona, kazi yake kubwa ni kueleza watu wanavyotendeana: nani katoa, nani kapokea, nani kasaidia, nani kanyima. Kutaja kiungo cha mwili ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Mkono unaanzia wapi na kuishia wapi?

Unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Kote huko ni mkono. Ukitaka kutaja sehemu moja, Kiswahili kina majina yake: kwapa, kiwiko, kigasha (kati ya kiwiko na kifundo, jina ambalo wengi siku hizi hawalitumii), kifundo cha mkono, kiganja au kitanga, kisha vidole: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho.

Katika maneno ya kila siku hatuhitaji kutaja sehemu, kwa sababu kitenzi kinatueleza. Mama akisema "nendeni mkanawe mikono", hakuna mtoto anayenawa hadi begani. Fundi cherehani akikuuliza "mikono niiweke mirefu au mifupi?", unajua anazungumzia nguo kuanzia bega kwenda chini. Mwalimu akisema "nyoosha mkono", mkono mzima unapanda juu.

Kiwiko ni kipi hasa? Wengine wanakionyesha kwenye mkunjo wa katikati, wengine karibu na kiganja.

Wote wana haki yao. Hapa Dodoma na sehemu kubwa ya bara, kiwiko ni pale mkono unapokunjika katikati, pale unapoegemea meza. Wapo wazungumzaji, hasa wa pwani, wanaoliita eneo hilo kisugudi, na kwao kiwiko kinaweza kuwa kifundo, mahali pa kuvalia saa. Ukiwa unazungumza na mtu usiyejua Kiswahili chake kimelelewa wapi, gusa mahali unapopataja. Hiyo ni njia ya haraka kuliko kubishana.

Nikimwambia daktari "mkono unauma", inatosha?

Inatosha kuanza, haitoshi kumaliza. Kwa kuwa neno linabeba urefu wote ule, daktari atakuuliza tena: wapi? Msaidie kwa kutaja bega, kiwiko, kifundo, kiganja au kidole, kisha umwambie unauma vipi. Kiswahili kina maneno mazuri kwa hilo. Mkono unaweza kuwa umevunjika, umeteguka, umevimba, umekufa ganzi, unawaka moto, unachoma, unavuta au hauna nguvu. "Umekufa ganzi" na "hauna nguvu" ni mambo mawili tofauti: wa kwanza hauhisi ukiguswa, wa pili unahisi lakini hauwezi kushika kikombe. Usiyachanganye mbele ya daktari.

Na hapa naomba msomaji asipite haraka. Mtu akiishiwa nguvu za mkono mmoja ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakaanza kumkwama, hizo ni dalili za kiharusi. Maumivu ya kifua yanayoshuka kwenye mkono, mara nyingi wa kushoto, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yanaweza kuwa ya moyo. Yote mawili ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Si ya kuchuliwa mafuta kwanza na kusubiri asubuhi.

Niseme "mkono wangu unauma" au "naumwa mkono"?

Vyote vinaeleweka, lakini aliyekulia kwenye Kiswahili atasema "naumwa mkono" au "mkono unaniuma". Lugha yetu haimtengi mtu na kiungo chake. Kile "ni" kilicho ndani ya "unaniuma" kimeshasema mkono ni wa nani, kwa hiyo "wangu" inabaki kwa ajili ya kusisitiza tu, kama vile watu wawili wanapobishana nani ameumia zaidi.

Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo linalowatia watafsiri wengi matatani. Chukua mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mti wa ukwaju. Jirani atakuja mbio na kusema: "Mama Neema, mtoto kaanguka, kavunjika mkono!" Aliyevunjika, kwa sarufi, ni mtoto, na mkono unafuata kuonyesha ni wapi. Sasa sikiliza habari iliyotafsiriwa: "Mtoto huyo alivunja mkono wake." Kwa sikio langu huyu mtoto aliuchukua mkono akauvunja kwa makusudi, tena labda wa mtu mwingine.

Ndivyo ilivyo pia katika "alimshika mkono" na "alishika mkono wake". Sentensi ya kwanza ina watu wawili, mmoja anamwongoza au anamzuia mwenzake. Ya pili ina mtu na kitu. Bibi anayevushwa barabara pale karibu na stendi hushikwa mkono. Hakuna anayeshika mkono wake. Vivyo hivyo tunasema alimfunga mikono, nilimnawisha mtoto mikono, walimkata mkono, amejikata kidole. Mtu kwanza, kiungo baadaye. Mwanafunzi akilishika hili, insha yake inabadilika siku hiyo hiyo.

Ngeli yake ni ipi?

Ni ngeli ya M-MI: mkono huu unauma, mikono hii inauma. Kwa udogo watu husema kikono au kijikono, hasa wakimsifia mtoto mchanga. Kwa ukubwa ni kono, wingi makono, na kono mara nyingi lina ukali ndani yake: "Toa kono lako hapa!" Usilitumie kwa mtu unayemheshimu.

Kwa nini mkono wa "kulia"? Una uhusiano na kulia machozi?

Hauna. Kulia hapa ni kutoka kwenye kitenzi kula: ndio mkono wa kulia chakula, kama tunavyosema chumba cha kulia. Wazee na wasomaji wa Biblia hutumia pia mkono wa kuume, yaani wa kiume, na zamani wa kushoto uliitwa mkono wa kike. Hilo la mwisho halisikiki sana tena. Anayetumia zaidi mkono wa kushoto huitwa mashoto.

Ukielekezwa njia mjini hapa utasikia "mkono wako wa kulia" kila mara: "Nyoosha mpaka Nyerere Square, ukifika shika mkono wako wa kulia." Huo "wako" ni wa muhimu. Maana yake ni upande wako wewe unayetembea. Usiuhesabu upande wa anayekuelekeza, ambaye amesimama akikutazama.

Mtoto wangu ni mashoto. Nimlazimishe kutumia mkono wa kulia?

Kuandika, hapana. Mwache aandike kwa mkono unaomtii. Kumchapa au kumfunga mkono ili abadilike ni kumtesa bure, na walimu wengi wameshaliacha hilo. Adabu ya kupokea na kupeana vitu ni jambo jingine, na mtoto mashoto anaweza kujifunza kama wenzake.

Ni kosa kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto?

Kwa wengi wa watu wa katikati ya nchi, ndiyo, hasa ukimpa mkubwa, ukipokea chakula au ukipokea pesa. Kama mkono wa kulia umeshika mzigo au una unga, sema "samahani, mkono wa kushoto", kisha toa. Watu husamehe mara moja. Kinachoudhi ni kunyoosha wa kushoto kimyakimya wakati wa kulia umetulia mfukoni.

Namna ya heshima zaidi ni kutoa au kupokea kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika kwenye kigasha. Utaona wasichana wa vijijini wakifanya hivyo na kupiga magoti kidogo. Vijana wa mjini hufupisha: mkono wa kushoto unagusa tu kiwiko cha kulia. Heshima ni ile ile.

Nikikutana na mzee, nimpe mkono?

Msalimie kwanza. "Shikamoo babu", au kama ni mzee wa Kigogo na umejifunza kidogo, "mbukwenyi". Kisha subiri. Mzee akinyoosha mkono wake, upokee, ikiwezekana kwa mikono miwili, na usiuminye kama mnapimana nguvu. Mdogo hamwanzi mkubwa kumpa mkono. Kwa vijana wenyewe kwa wenyewe ni "nipe tano" na mambo yanakwisha.

Upande wa Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, mwanamume hampi mkono mwanamke asiye wake, na mwanamke vilevile. Utaona mtu ameweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa. Hiyo ni salamu kamili, hujanyimwa kitu, na jibu lake ni kuweka chako kifuani. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu wengi tulijikuta tukisalimiana hivyo, na wapo walioendelea nayo hadi leo.

Nimealikwa kula ugali na mlenda. Nianzeje?

Anza na maji. Mwenyeji, au mtoto wa nyumbani, atakuja na jagi na beseni. Atamwanza mgeni au aliye mkubwa kwa umri. Weka mikono juu ya beseni, nawa yote miwili hadi kwenye kifundo, na maji yakitosha sema "asante". Hata kama utakula kwa mkono mmoja, unanawa miwili.

Mlenda ndio mtihani. Majani yake mabichi yanapikwa wakati wa mvua, na kwa kuwa kiangazi cha Dodoma ni kirefu, hukaushwa na kusagwa yakawa unga unaouzwa masokoni, likiwamo soko la Majengo. Ukipikwa vizuri, na karanga zikitiwa, mlenda unavutika. Mgeni akichovya tonge na kulivuta juu, uzi mrefu unafuata hadi kwenye shati. Wenyeji hufanya hivi: unamega tonge dogo la ugali wa uwele au mtama, unalifinya kwenye vidole mpaka lilainike, unalibonyeza katikati kwa gumba lipate shimo, unachota mlenda kwa lile shimo, halafu kabla ya kuinua unauzungusha mkono kidogo ukingoni mwa bakuli. Hapo uzi unakatika. Kila kitu kinafanywa na ncha za vidole vya mkono wa kulia. Mlenda ukifika kwenye kiganja, tonge lako lilikuwa kubwa mno.

Mkono wa kushoto unabaki kushika bakuli au kutulia pajani. Na usiombe kijiko kabla hujajaribu. Hakuna atakayekunyima, lakini mwenyeji anafurahi sana kumwona mgeni akipambana na uzi wa mlenda hadi akaushinda.

Wabunge wanaposema "naunga mkono hoja", wanaunga mkono wa nani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na si ajabu, maana Bunge liko hapa hapa na sauti yake inasikika redioni kwenye kila kibanda cha chipsi wakati wa bajeti.

Kuunga ni kukiambatisha kitu na kingine: unaunga kamba, unaunga vipande viwili vya bomba. Kumuunga mtu mkono ni kuuambatisha mkono wako na wake ili jambo analolifanya lifanywe na wawili. Kwa hiyo asili yake ni mtu na mtu: "nakuunga mkono." Baadaye likahamia kwenye jambo lenyewe: kuunga mkono hoja, kuunga mkono mpango, kuunga mkono juhudi. Ndiyo maana hatusemi "naunga mikono hoja". Ni mkono mmoja, hata wabunge wakiwa mia tatu.

Jambo la kuvutia ni kwamba bungeni mikono yenyewe haina kazi kubwa. Waziri humaliza hotuba kwa "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja", mwenzake husimama na kusema "naafiki", na mwisho wanaokubali huitikia "ndiyo" kwa sauti. Bajeti kuu ya serikali hupigiwa kura kwa kuitwa jina, mmoja mmoja. Hata makofi unayoyasoma kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, yaliyoandikwa "(Makofi)", mara nyingi ni wabunge wakigonga meza. Mikono halisi utaiona kwenye mkutano wa kijiji. Pale mwenyekiti husema "wanaokubali wanyooshe mikono", na mtendaji anapita akihesabu chini ya mbuyu, mkono kwa mkono, na mama aliyebeba mtoto ananyoosha ule uliobaki. Kwangu huo ndio usemi ukiwa kwenye asili yake, na ningependa wanafunzi wapelekwe kuutazama.

Sokoni neno lenyewe limezaa jingine. Muuza nyanya akikuita "dada, njoo uniungishe", anakuomba ununue kwake. Mkono hautajwi tena, lakini ombi ni lile lile: jiunge nami katika riziki yangu.

Mkono wa birika, mkono mrefu, mkono mwepesi, mkono wazi: vina maana gani?

Mkono wa birika ni bahili. Utazame mkono wa birika la chai: umejipinda ukarudi kwenye birika lenyewe, haunyooki hata siku moja kumwendea mtu. Aliyeutunga usemi huu alikuwa na jicho kali.

Mkono mrefu ni mdokozi, mtu ambaye vitu vya watu huhamia kwake. Lakini ukisikia "serikali ina mkono mrefu", hapo maana ni kwamba itakufikia hata ukijificha wapi. Mkono mwepesi hutegemea kinachofuata: mwepesi wa kutoa ni sifa, mwepesi wa kupiga ni aibu. Mkono wazi ni mkarimu. Na aliyekunja mikono ni yule anayetazama wenzake wakifanya kazi.

Kunawa mikono, mbali na maji, ni kujitoa kwenye jambo: "Mimi nimenawa mikono, amueni wenyewe." Wakristo wataikumbuka habari ya Pilato katika Mathayo 27.

Na "kuna mkono wa mtu"?

Maana yake ni kwamba jambo lililotokea halikutokea lenyewe. Kuna aliyelisababisha kwa siri. Duka likiungua usiku, mitihani ikivuja, mpango mzuri ukikwama ofisini, watu husema hapa kuna mkono wa mtu. Katika matumizi hayo ni usemi wa kawaida, na mara nyingine ni wa kweli.

Lakini usemi huu una upande mwingine ambao unanitia uchungu kila nikiusikia. Mtoto akifariki kwa homa, ng'ombe wakifa, mvua zikiruka kijiji, mtu ananong'ona "kuna mkono wa mtu", na kesho macho ya kijiji kizima yako kwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Wanawake wazee wameumizwa na wengine wameuawa katika nchi yetu kwa minong'ono ya namna hiyo. Malaria haina mkono wa mtu. Ukame wa Dodoma, mji ulio kwenye ukanda mkavu tangu kabla ya babu zetu, hauna mkono wa mtu. Ninapofundisha usemi huu darasani, nafundisha na hilo, na naomba wazazi nao wafanye hivyo nyumbani.

"Gari la mkononi" ni gari gani? Nilidhani ni la kuchezea watoto.

Ni gari ambalo limeshatumiwa na mtu hapa nchini na sasa anakuuzia, tofauti na lile lililoagizwa na kuingia moja kwa moja kutoka nje. "Nimelinunua mkononi kwa mtu" maana yake umepokea kutoka mkono wa mwenyewe. Kwa hiyo ukisoma tangazo la gari la mkononi, uliza limepitia mikono mingapi.

Umbo hili la "mkononi" lina kazi nyingi. Simu ya mkononi unaijua. "Yuko mikononi mwa polisi" ni amekamatwa. "Tumemwacha mikononi mwa Mungu" husemwa hospitali, watu wakiwa wamefanya yote wanayoweza. Angalia kimilikishi: ni mkononi mwangu, mikononi mwao, kwa sababu kitu kiko ndani ya fumbato. Na "mkono kwa mkono" katika biashara ni mzigo huku, pesa huku, bila mkopo.

Ni kweli mkono ulikuwa kipimo?

Kweli, na bado ni kipimo kwa asiye na futikamba mkononi. Mkono mmoja, au dhiraa, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu nusu mita. Shubiri mbili zinafanya mkono mmoja, na mikono minne inafanya pima, yaani mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa pembeni. Safina ya Nuhu kwenye Biblia ya Kiswahili ina urefu wa mikono 300, upana wa mikono 50 na kimo cha mikono 30. Mtoto akikuuliza safina ilikuwa kubwa kiasi gani, mpeleke uwanja wa mpira: mita 150 hivi ni uwanja mmoja na karibu nusu ya mwingine.

Kuna methali gani za mkono?

Ziko nyingi, na sitazimaliza. *Mkono mtupu haulambwi* husemwa mtu anapotaka kusaidiwa bila yeye kutoa chochote. *Mkono usioweza kuukata, ubusu* ni ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Sijawahi kuipenda, ingawa naielewa. *Mkono mmoja haulei mwana* inajulikana na kila mzazi. Ninayoipenda zaidi kwa mazingira yetu ya wafugaji ni *mkono mmoja hauchinji ng'ombe*, kwa sababu aliyewahi kuona ng'ombe akiangushwa hahitaji kufafanuliwa: wawili pembeni kwenye pembe, mmoja mkiani, wengine miguuni na kamba, na mwenye kisu ndiye wa mwisho kufika.

"Jembe la mkono" linatofautiana vipi na jembe?

Jembe ni jembe. Tuliongeza "la mkono" baada ya kuwa na jembe la kukokotwa na ng'ombe, ambalo wengi huliita plau, na trekta. Siku hizi hotuba za kilimo hulitaja jembe la mkono kama jambo la kuachana nalo, nami nakubaliana nazo, kwani migongo ya mama zetu inajua. Ila kumbuka kuwa zabibu za Dodoma zinakatwa kwa mkono, kichala kimoja baada ya kingine, na mizabibu hupogolewa kwa mkono.

Je, muziki wa Wagogo una "mkono" wake?

Unao. Muheme ni ngoma ya wanawake, na mpigaji huibana ngoma katikati ya miguu akaipiga kwa viganja, bila fimbo. Ilimba, ambayo kwa Kiswahili wengi huiita marimba ya mkono, hupigwa kwa vidole gumba vya mikono yote miwili huku vidole vingine vimelishika sanduku lake. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba kwenye majukwaa ya dunia. Mtu akisifiwa kwa ala, kwa upishi au kwa mwandiko, tunasema "ana mkono mzuri".

Ndizi "mkono wa tembo" zimeitwaje hivyo?

Kwa ukubwa na mpindo wake. Ni ndizi ndefu za kupika au kuchoma, na hapa sokoni nyingi huletwa kutoka upande wa Morogoro. Kiungo cha tembo chenyewe huitwa mkonga. Na mafungu ya ndizi yaliyoshikana kwenye mkungu usiyaite mikono; hizo ni chane.

Nimwite vipi mtu asiye na mkono?

Kwa jina lake. Kama ulemavu ni lazima utajwe, sema mtu mwenye ulemavu wa mkono. Majina ya utani yanayotokana na kiungo kilichokosekana, hata yakisemwa kwa kucheka, yaache. Na ukikutana naye akakunyooshea mkono wa kushoto, upokee kwa furaha. Adabu ya kulia na kushoto haimhusu.

Jirani yangu amefiwa. Niandike "nakupa mkono wa pole" au "nakupa pole"?

Kwa ujumbe wa simu "pole sana kwa msiba" inatosha, na ni ya karibu zaidi. "Mkono wa pole" ni rasmi kidogo; unafaa barua ya ofisi, tangazo la kikundi au salamu za kamati. Ndugu zake ni mkono wa pongezi, mkono wa heri, mkono wa Idi ambao watoto huusubiri kwa sababu una sarafu ndani yake, na mkono wa buriani kwa anayeagwa.

Lakini jirani si mtu wa kuandikiwa. Nenda. Vua viatu mlangoni, kaa na waliokaa, ukifikiwa na mfiwa mpe mkono kwa mikono yako yote miwili, sema "pole" na unyamaze. Kama una rambirambi, wapo wenye daftari pembeni. Wape wao, jina lako liandikwe, usimpe mfiwa pesa mkononi mbele za watu. Kisha ulizia kama kuna maji ya kuchota au kuni za kupasua.